Kuisasisha kompyuta kuukuu bila kuisulubu

Unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi, kiduara bado kinazunguka. Unabofya kivinjari, kimya. Unabofya tena, na dakika tatu baadaye vinafunguka viwili kwa mpigo. Halafu pembeni linachomoza tangazo kwamba kuna masasisho yanasubiri, nawe unajisemea: haya ndiyo yanayoniua. Wengi hapo huyafunga kabisa. Nawaelewa, ila wanakosea.

Nimeshika kompyuta nyingi za ndugu na jamaa, zenye umri wa miaka minane, kumi, hata kumi na mbili, na nyingi zilikuwa zinaumwa foleni. Kompyuta inayowashwa saa moja tu kila baada ya siku tatu ina kazi za siku tatu za kumaliza ndani ya saa hiyo. Inapakua masasisho, antivairasi inakagua mafaili, kivinjari kinajisasisha, Windows inapanga upya orodha yake ya utafutaji, na vyote vinagombania diski ileile. Mwenye kompyuta anachoka kusubiri, anashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Kesho yake foleni iko palepale, na imeongezeka kazi ya kukagua kilichoharibika jana.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote au kufuta chochote, maliza foleni.

Hatua ya 1: Ipe usiku mzima

Jioni moja ambayo huna kazi nayo, chomeka chaja, unganisha intaneti, kisha ingia Settings, sehemu ya umeme, uiambie isilale ikiwa kwenye chaja. Skrini inaweza kuzima, mashine ibaki macho. Fungua Windows Update, bofya kitufe cha kutafuta masasisho, funga programu nyingine zote, ukalale. Usikae kuitazama. Sasisho kubwa kwenye diski ya zamani linaweza kusimama kwenye asilimia ileile kwa saa nzima. Maadamu taa ya diski inamulika, kazi inaendelea. Ukiizima katikati, italazimika kufuta ilichokwisha kuandika, na utapoteza usiku mwingine.

Asubuhi bofya Restart. Usibofye Shut down. Kwenye Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu, kwa sababu kuna mpango wa kuwaka haraka unaohifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili safari ijayo kisomwe kilivyokuwa. Niliwahi kuletewa laptopu iliyokuwa inazimwa kila jioni bila kukosa. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta, ukurasa wa CPU, mstari wa Up time (muda tangu mfumo uanze upya): siku 41. Mwenyewe alikataa katakata, “Mbona naizima kila siku!” Ni kweli alikuwa anaizima, ila kiini chake hakikuwa kimeanza upya hata mara moja. Restart moja ikaondoa nusu ya malalamiko yake.

Ikishawaka, rudi Windows Update utafute tena, kwani yapo masasisho yasiyojitokeza mpaka yaliyotangulia yamekaa. Rudia mchezo huo hata mara tatu, mpaka iseme hakuna kilichobaki. Kisha weka usiku mmoja kila wiki uwe wa kazi hiyo. Microsoft hutoa viraka vyake vya kila mwezi Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo usiku wa Jumatano au Alhamisi unafaa. Ukiwa unatumia bando, mipangilio ya Wi-Fi ina swichi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kiasi. Iwashe, na masasisho mengi yatasubiri mpaka uitoe mwenyewe.

Kwa anayeona yote haya ni usumbufu: Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kuvuruga hospitali za Uingereza. Dawa ilikuwa imeshatoka miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameiweka.

Hatua ya 2: Mtafute mchawi kwa macho

Foleni ikiisha na kompyuta bado nzito, usikimbilie kubahatisha. Iwashe, iache dakika kumi itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Ikifunguka ndogo, bofya iongeze maelezo. Utaona safu za CPU (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), Memory (RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) na Disk (diski yanakokaa mafaili). Sasa fanya kazi zako za kawaida huku ukizichungulia namba hizo.

Disk ikikaa kwenye 100% wakati CPU iko kwenye 10 au 15, mchawi ni diski. Hali hii ndiyo niionayo mara nyingi kuliko zote. Memory ikipita 90% mara tu unapofungua kivinjari, RAM haitoshi, na hapo diski nayo itapanda, kwa kuwa Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia mizigo kwenye diski. Watu wengi huiona diski imejaa wakailaumu, kumbe RAM ndiyo inayoisukumia kazi. Soma Memory kwanza, ndipo usome Disk.

CPU ikiwa juu muda wote, bofya kichwa cha safu hiyo ili programu inayokula zaidi ije juu. Tazama pia kasi ya prosesa kwenye ukurasa wa CPU. Prosesa ya GHz 2.4 inayojikokota kwenye 0.8 wakati kuna kazi imebanwa na kitu: joto, au chaja isiyo yake. Zipo laptopu ambazo zikichomekwa chaja zisiyoitambua hupunguza kasi makusudi, bila kukuambia neno.

Hatua ya 3: Nakala kwanza

Kabla ya kugusa kingine, nakili mafaili yako ya thamani kwenye diski ya nje, na yale usiyoweza kabisa kuyapoteza yaweke pia mtandaoni. Flashi peke yake siitegemei.

Kisha pima afya ya diski. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe. Rangi ya njano au nyekundu ni onyo. Mistari miwili ndiyo ya kuangalia kwa makini: idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu zimeharibika, na idadi ya zile zinazosubiri kuamuliwa. Namba hizo zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo inaaga. Kadhalika ukisikia mlio wa tik, tik, tik, acha kila kitu uhamishe mafaili leo. Usiihangaishe kwa ukaguzi mrefu kabla hujayatoa.

Hatua ya 4: Yasiyohitaji pesa

Hapa sitakaa sana. Ndani ya Task Manager mna ukurasa wa programu zinazowaka zenyewe pamoja na kompyuta. Zime zote usizozihitaji asubuhi: za kupiga simu za video, za michezo, za printa usiyoitumia. Antivairasi acha ile ile iliyokuja na Windows. Mbili zikikaa pamoja hukaguana, na kompyuta dhaifu haiwezi kubeba ugomvi huo. Futa programu usizotumia, mwaga pipa la takataka, pitia ukurasa wa hifadhi ndani ya Settings uondoe mafaili ya muda. Lenga kubaki na angalau GB 20 tupu, maana sasisho kubwa likikosa nafasi hugoma, na mara nyingine hugoma bila kutoa sababu inayoeleweka.

Kivinjari nacho kina lawama. Punguza viendelezi (programu ndogo zilizobandikwa kwenye kivinjari), fungua kurasa chache, washa kipengele cha kulaza kurasa zisizotazamwa. Kizuia matangazo kizuri kwenye kompyuta kuukuu ni kama kuongezewa prosesa, kwa sababu matangazo ya siku hizi ni mazito kuliko habari yenyewe.

Na zile programu zinazoahidi kusafisha rejista (orodha ya ndani ya mipangilio ya Windows), kuongeza kasi kwa asilimia kadha wa kadha, au kukutafutia draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) zote kwa mbofyo mmoja, ziepuke kabisa. Draiva ichukue Windows Update, au tovuti ya aliyetengeneza kompyuta kwa kutumia namba ya modeli iliyo chini ya mashine.

Hatua ya 5: Badili diski

Kama hatua ya pili ilikuonyesha Disk 100% na RAM bado ina nafasi, hakuna utakachofanya kwenye mipangilio kitakachozidi kubadili diski inayozunguka kwa SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Ningeambiwa nichague tiba moja tu, ningechagua hii bila kusita.

Sababu iko kwenye umbo lake. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kutafuta data. Sahani inamaliza mizunguko 90 kwa sekunde. Kila data inapohitajika kutoka mahali pengine, mkono uhame, kisha usubiri mahali hapo papite chini yake. Kwa mtindo huo haufikishi safari mia moja kwa sekunde. Sasa fikiria foleni ya mwanzo: masasisho yanataka huku, antivairasi inataka kule, kivinjari kinataka kwingine. Mkono ni mmoja. SSD haina sahani wala mkono, na safari hizo inafanya maelfu kwa maelfu kila sekunde. Ndiyo maana mashine ileile, prosesa ileile, inawaka ndani ya sekunde ishirini au thelathini badala ya dakika tano.

Laptopu nyingi za miaka ile zinapokea SSD ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya muunganisho wa diski), yenye umbo na soketi sawa na diski unayoitoa. Nyingi zina unene wa milimita 7, na kama tundu lilitengenezwa kwa diski nene zaidi, kijifremu cha plastiki kinajaza nafasi. GB 240 au 256 zinamtosha mtu wa kawaida. Usilipie zaidi kwa ajili ya kasi ya ajabu iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa SATA yenyewe inaishia karibu na MB 550 kwa sekunde.

Njia za kuhamia ni mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo: unaichomeka SSD kwa kebo ya USB, unatumia programu ya kunakili kama Clonezilla, kisha unabadilishana diski. Ya pili ni kuweka Windows upya kutoka kwenye flashi na kurudisha mafaili yako tu. Napendelea ya pili, kwa sababu ya kwanza inahamisha na uchafu wa miaka kumi.

Kazi yenyewe ni ya bisibisi ndogo. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kama iko ndani, fungua mfuniko na uchomoe waya wake kwanza. Panga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa chini ya kompyuta, kila moja pembeni ya mchoro wa tundu lake. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye kibodi, nami nimeshafanya kosa hilo. Ukishamaliza, usiipange data ya SSD upya kwa zile programu za zamani za kupanga diski, kwa kuwa unaichakaza bure. Windows inajua namna ya kuitunza.

RAM, vumbi na joto

Kwa RAM, GB 4 ni za kuvumilia, GB 8 unapumua. Kabla ya kununua, toa kipande cha zamani usome kibandiko. Aina za RAM za PC3 na PC4 haziingiliani, hata pengo la katikati haliko mahali pamoja. Mtego uko kati ya PC3 na PC3L: vinalingana kwa umbo, lakini chenye herufi L hutumia volti 1.35, kisicho nayo hutumia 1.5, na laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya L pekee ikiwekewa kingine inaweza isiwake. Kama Windows yako ni ya biti 32, kuongeza RAM kupita GB 4 ni kutupa pesa mpaka kwanza uweke ya biti 64.

Joto linatibiwa kwa kusafisha feni. Ukiwa umefungua mfuniko, zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kisha pulizia hewa kutoka upande wa nje kuelekea ndani, vumbi litoke lilikoingilia. Mara nyingi kati ya feni na mapezi ya shaba kuna zulia la vumbi, limeshikana kama kitambaa. Likitoka, kelele zinapungua siku hiyohiyo. Krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa hukauka kwa miaka. Kuibadili ni kazi ya dakika ishirini kwa fundi anayejua, na kama hujawahi, mwachie yeye.

Masasisho yakigoma

Hapa nitaeleza kisa changu. Laptopu yangu ya zamani iliamka siku moja ikakataa kila tovuti. Kivinjari kinasema muunganisho si salama, Windows Update inatoa namba za makosa zisizofanana, barua pepe haifunguki. Nilihangaika nayo siku mbili, nikaweka antivairasi nyingine, nikaitoa, nikakaribia kufuta mfumo mzima. Mwishoni nikatupia jicho pembeni ya skrini: mwaka ulikuwa umerudi nyuma zaidi ya miaka kumi. Kwa mujibu wa saa ile, vyeti vya usalama vya tovuti zote vilikuwa havijatolewa bado. Nikirekebisha tarehe, kila kitu kinakaa sawa. Nikizima na kuchomoa chaja, inarudi kulekule.

Kosa lilikuwa la betri ndogo ya sarafu iliyo kwenye bodi, ile inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032 ya volti 3, inatoka kwa ukucha. Kwenye laptopu nyingi inakuja imefungwa plastiki na waya wake mfupi wenye plagi. Tangu siku hiyo, masasisho yakigoma, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe.

Tarehe ikiwa sawa na nafasi ipo, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri limalize, kisha sfc /scannow. Agizo la kwanza hurekebisha ghala la mafaili ya mfumo, la pili hutumia ghala hilo kurekebisha mfumo wenyewe, kwa hiyo usiyageuze mpangilio. Bado ikigoma, simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, washa upya, utafute masasisho tena. Folda hiyo hubeba vipande vya upakuaji uliokatika, na mara nyingi ndivyo vinavyokwamisha.

Mfumo ulioachwa na mtengenezaji

Kuna mahali ambapo usiku mzima hausaidii, kwa kuwa hakuna tena cha kupakua. Windows 7 iliachwa Januari 2020, 8.1 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10 Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza ya viraka vya usalama kwa watu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026. Kiungo cha kujiandikisha huonekana ndani ya Windows Update. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele isipokuwa chache. Njia za kuipenyeza kwenye mashine isiyokidhi zipo, lakini Microsoft haitoi ahadi ya kuisasisha mashine hiyo siku zijazo, na unakuwa umerudi ulikotoka.

Mimi kwa mashine za namna hiyo huweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce. Inataka RAM ya GB 2, inapendelea 4, na hifadhi ya GB 20. Toleo la 22 litapata masasisho mpaka 2029. Masasisho yake unayaona kwenye orodha moja, unayakubali wakati unaotaka, na kwa sehemu kubwa hayakulazimishi kuwasha upya. Kabla ya kuyaanza, tumia Timeshift kupiga picha ya mfumo. Kitu kikiharibika unarudi kwenye picha hiyo.

Uzuri ni kwamba unaijaribu bila kugusa diski. Pakua faili lake, liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washa kompyuta ukichagua flashi. Kabla hujabofya kitufe cha kuweka, kagua yanayoweza kukusumbua baadaye: Wi-Fi inakamata? Sauti inatoka? Ukifunga mfuniko na kuufungua, inaamka? Printa yako inaonekana? Na kama kazi yako inategemea programu inayokaa kwenye Windows tu, usihame kwa sababu mtu amekusifia.

Kama prosesa ni ya biti 32 tu, uwanja umebana. Mint 22 haiingii kabisa, na hata Debian, Linux nyingine iliyowabeba wazee hawa kwa miaka mingi, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 ilipotoa toleo la 13 mwaka 2025. Mashine hiyo mimi huitoa kwenye intaneti, nikaiachia kuandika, kupiga hesabu na kucheza muziki, na mafaili yakawa yanaingia na kutoka kwa flashi iliyokaguliwa kwenye kompyuta nyingine.